Kaseti za VHS za marehemu shangazi, nataka kuzitoa filamu

KijanaLangoni: Assalam aleikum wana jamvi. Niko Lamu. Marehemu shangazi alikuwa akishuti harusi za wanawake na zefe la maulidi miaka ya 90, ametuachia sanduku la kaseti. Nataka kuziediti ziwe filamu moja, sio ile ya msimulizi anaongea mwanzo mwisho, picha na sauti zenyewe ndo ziseme. Shida kwenye kidirisha cha kaseti naona kama unga mweupe na deki ninayo moja tu. Na naweza kuchanganya na picha za zamani za mtandaoni?

FundiMalindi: Waaleikum salaam. Huo unga ni ukungu, joto na unyevu wetu wa pwani huu, USITIE kwenye deki! Utachafua vichwa vya deki vinavyosoma mkanda halafu uhamie kaseti zingine. Zitenge, tafuta fundi azifungue azisafishe. Ukianza kurekodi, rekodi mkanda wote bila kukata, pale aliposahau kuzima kamera ikabaki inashuti miguu na mkeka ndo pana uhondo. Kaseti za kwetu ni za mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, za Marekani 29.97, ukichanganya ovyo mwendo unakwamakwama.

Mwanasheria_wa_Pwani: Za mtandaoni angalia mkusanyiko wa filamu za zamani wa Prelinger kule Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, nyingi ziko huru ila soma maelezo ya kila moja. Za shangazi ndo uangalie sana, sheria ya Kenya inalinda video miaka 50, na kazi ya kuagizwa kwa kawaida haki ni ya aliyeagiza, yaani familia iliyomlipa.

BintiMkomani: Kaka, kabla ya sheria kuna sitara. Kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, mama zetu walivua buibui wakacheza wakijua anayeshuti ni mwanamke na watakaoona ni wanawake. Kwa hiyo usizitazame wewe, mpe mamako au dadako azipitie, na idhini isiwe ya bibi harusi peke yake, hata yule aliyepita nyuma na sinia ana haki yake. Filamu haitapungua wallahi. Chukua vigelegele na ngoma uviweke juu ya picha ya kichochoro kitupu. Esfir Shub, mwanamke mtengeneza filamu kule Urusi, 1927 alichukua hadi picha za nyumbani za mfalme wao, akazipanga upya zikasema kitu kingine kabisa, kwa hiyo nguvu iko kwenye mpango, sio kwenye sura za watu.

KijanaLangoni: Shukran dada, hilo la kuzitazama mwenyewe sikuliwaza. Naanza na za zefe, hizo zilikuwa barabarani mbele ya kila mtu. Za kupamba nampelekea mama leo. Fundi, hapo Malindi unasafisha wewe mwenyewe au nizipeleke Mombasa?