Naomba ushauri: kuotesha maua ya vilima vya chaki uani

Habari zenu wakuu. Naishi Lewes, kusini mwa Uingereza, chini ya vilima vya chaki (mwamba laini mweupe wa chokaa) vya South Downs. Jirani yangu, bibi mtu mzima, huwasimulia wanangu hadithi za maua ya huko. Cowslip, lile la njano lenye vikengele vinavyoning'inia upande mmoja, eti lilichipua pale Mtakatifu Petro alipoangusha funguo za mbinguni. Ua la devil's-bit nalo (yaani "ng'ato la Shetani"), Shetani aliung'ata mzizi wake kwa wivu kwa kuwa uliponya watu. Na kweli, mzizi wenyewe umekatika butu, kama uliotafunwa!

Nataka kuyaotesha nyumbani. Shida ni kwamba yanapenda udongo mwembamba usio na rutuba, na uani kwangu pametiwa mbolea miaka mingi, nyasi zinafunika kila kitu. Je, nikwangue udongo wa juu hadi nifikie chaki, au nianze na yellow rattle, mmea unaonyonya mizizi ya nyasi? Mbegu zake najua hupandwa vuli zipate baridi. Kung'oa ya vilimani sitaki kabisa, na sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea ya porini inakataza bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Aliyewahi kufanya hivi anielekeze, hasa mwezi wa kufyeka nyasi.