Je, gari hili ni Peugeot 404 kweli, na picha hii ni ya mwaka 1962?

Mjukuu wa Jinja:

Wapendwa wanachama, nawasalimu kutoka Jinja. Katika sanduku la marehemu babu tumekuta picha ndogo ya nyeusi na nyeupe, yenye kingo zilizokatwa kwa meno-meno, ambamo watu wa ukoo wetu wamesimama kando ya gari la milango minne mbele ya duka katika Main Street. Nyuma ya picha pameandikwa "Uhuru", na chini yake "1962". Wazee nyumbani wote wanashikilia kwamba gari hilo lilikuwa Peugeot 404.

Nimeitazama kwa lenzi ya kukuzia, nami naeleza ninachokiona. Bodi ina rangi mbili, nyeusi zaidi chini na nyepesi juu, zikitengwa na ukanda wa chuma king'aavyo ubavuni. Mapezi ya nyuma, yaani ncha zinazoinuka juu ya taa za nyuma, ni marefu na yamechongoka. Boneti imeinuka katikati, lakini shoo ya mbele, yaani wavu ulio mbele ya rejeta, imezibwa na ami yangu aliyeiegemea. Katika namba ya usajili ni herufi U ya mwanzo tu inayosomeka. Nyuma yao imeegeshwa Volkswagen Beetle yenye kioo cha nyuma cha umbo la yai, na Land Rover inayoelekea kamera. Tunaandaa kitabu cha ukoo na hatutaki kuwaachia watoto maelezo yasiyo ya kweli. Naomba msaada wenu.

Fundi wa Mbale:

Ndugu, kwa maelezo hayo gari hilo si Peugeot 404, ingawa ninaelewa kwa nini wazee wanaliita hivyo. Kampuni ya Pininfarina ya Italia, iliyochora 404 iliyotoka mwaka 1960, ndiyo pia iliyoichorea British Motor Corporation ya Uingereza bodi ya magari yake ya ukubwa wa kati yaliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 1958 na mwaka 1959. Ukiyatazama kwa ubavu, magari haya yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Tofauti iko mbele. Injini ya 404 imelazwa kwa nyuzi 45, na hiyo ndiyo sababu boneti yake ni ya chini na bapa. Boneti iliyoinuka katikati, pamoja na rangi mbili zinazotengwa na ukanda, inanielekeza kwenye Morris Oxford au Austin Cambridge za kampuni hiyo ya Uingereza.

Mapezi nayo yanasaidia. Yale marefu yaliyochongoka ni ya matoleo ya mwanzo, kwa sababu mwaka 1961 kampuni iliyafupisha ilipoleta Morris Oxford ya toleo la sita na Austin Cambridge A60. Kwa hiyo gari la babu yako lilitengenezwa kati ya 1959 na 1961. Kuchagua kati ya Morris na Austin bila kuiona shoo ni kubahatisha, na katika kitabu cha ukoo ningeandika majina yote mawili. Wolseley ya bodi hiyohiyo utaiondoa kwa urahisi, maana shoo yake ni ya wima na ingeonekana juu ya bega la ami yako.

Kuhusu jina la Peugeot, tukumbuke kwamba 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Jina lilivuma mno, na kumbukumbu za watu wengi zimelipa kila gari lenye mapezi jina hilo.

Mtunza Picha, Entebbe:

Nakubaliana na Fundi kuhusu gari, lakini mwaka wa picha ni suala lingine kabisa, na hapo ndipo ningewaomba wanachama wakae zaidi. Gari halisemi picha ilipigwa lini. Linasema tu kwamba haikupigwa kabla halijatengenezwa. Hapa Uganda magari yametunzwa na kuendeshwa miaka mingi baada ya viwanda kuacha kuyatengeneza, kwa hiyo ile Beetle ya kioo cha yai, umbo lililotumika kuanzia 1953 hadi 1957, haitupi msaada wowote. Katika picha yenye magari kadhaa, linalohesabika ni lile jipya kuliko yote.

Kwa hiyo tuambie habari za Land Rover. Taa zake kubwa ziko wapi? Zikiwa zimekaribiana katikati, ndani ya shoo, mwaka 1962 unawezekana. Zikiwa kwenye mabawa ya mbele, kushoto na kulia, picha haiwezi kuwa ya 1962, kwa sababu kiwanda kilizihamishia huko mwaka 1968 na 1969, katika matoleo ya mwisho ya Series IIA. Angalia pia kama shoo ni ya wavu wa chuma au ya plastiki, kwani ile ya plastiki ilikuja na Series III mwaka 1971.

Tena, hakikisha kwamba negativu, yaani filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwake, haikugeuzwa kulia kushoto wakati wa kusafisha picha. Umbo la herufi U ni lilelile hata picha ikigeuzwa, hivyo peke yake halithibitishi lolote. Tazama usukani, ambao kwetu hukaa kulia, na vifungo vya mashati ya wanaume.

Mzee wa Masaka:

Naongeza tahadhari moja. Mabawa ya Land Rover hufungwa kwa bolti, na nimeona mengi yakibadilishwa gereji. Hata hivyo, bawa lenye tundu la taa la kiwandani halikuwapo kabla ya 1968, kwa hiyo ubadilishaji hauirudishi picha nyuma. Kinachoweza kutupotosha ni taa za ziada ambazo wenye magari walizifunga wenyewe juu ya mabawa. Ukiona taa nne, mbili za katikati na mbili za pembeni, basi hoja ya mwaka inaanguka.

Mjukuu wa Jinja:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimeiskani picha kwa nukta 1200 kwa inchi na kuikuza. Usukani wa gari la babu uko kulia. Land Rover ina taa mbili tu, zimezama ndani ya mabawa, na katikati hakuna kitu isipokuwa wavu wa chuma. Jambo lingine nililoliona baada ya kusoma majibu yenu ni kwamba neno "Uhuru" na tarakimu "1962" zimeandikwa kwa wino tofauti. Tarakimu ni za kalamu ya bluu, na mwandiko wake haufanani na wa babu.

Mtunza Picha, Entebbe:

Basi mambo yanapatana. Sikukuu ya Uhuru huadhimishwa kila tarehe 9 Oktoba, na inawezekana babu aliandika neno lile kwa ajili ya maadhimisho ya mwaka mwingine, kisha mtu akaongeza mwaka ambao kila mmoja wetu anaukumbuka. Ningeandika: "Morris Oxford au Austin Cambridge ya 1959–1961, Jinja, sikukuu ya Uhuru, si kabla ya 1968." Maandishi ya nyuma yaacheni yalivyo, pamoja na ile tarakimu, na mkitaka kuongeza lolote tumieni penseli laini.