Wanasiasa wanaochochea watu dhidi ya transgenda wanaponyoka kwa sababu malalamiko yanapelekwa ofisi isiyo na mamlaka

Wakuu, mtindo ni uleule kila mara. Mheshimiwa anashika kipaza sauti matangani, anawaambia waombolezaji kwamba watu transgenda, yaani wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wafurushwe kijijini au watiwe adabu. Video inasambaa siku mbili. Watu wanaitagi NCIC, tume ya uwiano na utangamano wa kitaifa, mpaka vidole vinauma. Siku ya tatu kimya, na mheshimiwa yuko matanga mengine akirudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Halafu anatokea mtu hapa na kutuambia Kenya haina sheria ya kumgusa. Sheria ipo. Ina shimo kubwa, lakini ipo, na inaudhi kuona watu wakiumizwa huku malalamiko yakiozea kwenye meza isiyohusika.

Shimo lenyewe ni hili. NCIC inafanya kazi chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Sehemu ya 13 inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ukiisoma juujuu unadhani mheshimiwa amekwisha. Soma mpaka mwisho: chuki inayokusudiwa pale ni chuki ya kikabila, dhidi ya kundi linalotambulishwa kwa rangi, mbari, uraia au asili ya kabila au taifa. Jinsia haimo. Wakili yeyote wa mwanasiasa anaimaliza kesi hiyo asubuhi moja. Kinachokera zaidi ni kwamba ofisi inaijua mipaka yake, lakini barua inapokelewa, inapigwa muhuri, inakaa. Ofisi ya umma isiyo na mamlaka juu ya jambo inapaswa kumwambia mlalamishi hivyo kwa maandishi na kumwelekeza panapofaa. Kukaa kimya ni kumlinda mkosaji.

Msingi wenye nguvu uko kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinatoa uhuru wa kujieleza, na ndicho wanasiasa hawa wanachokikimbilia. Lakini 33(2) kinasema uhuru huo hauhusu uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala utetezi wa chuki unaojengwa juu ya msingi wowote wa ubaguzi uliotajwa au uliokusudiwa katika 27(4). Orodha ya 27(4) haijafungwa. Februari 24, 2023, Mahakama ya Upeo, majaji 3 dhidi ya 2, katika kesi ya Bodi ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali dhidi ya EG (herufi za jina la mlalamishi), ilisema hivyo wazi na kuamua kwamba jinsia katika kifungu hicho inabeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Mbunge Peter Kaluma aliomba uamuzi huo uangaliwe upya, na Septemba mwaka huohuo ombi lake likatupwa. Na kuna jambo ambalo karibu kila barua ya malalamiko inalisahau: 27(4) inataja mavazi kwa jina. Kiongozi akihimiza mtu apigwe kwa sababu ya nguo alizovaa, hapo huhitaji tafsiri ya jaji yeyote.

Wanasiasa pia wanapenda kusema kwamba kuwa transgenda ni kosa la jinai. Ni uongo, na uongo huo ujibiwe kwenye barua yenyewe. Sehemu za 162 na 165 za Kanuni ya Adhabu zinahusu vitendo vya ngono, hazihusu mtu ni nani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru shirika la Transgender Education and Advocacy lisajiliwe, na Oktoba mwaka huo ikaliamuru Baraza la Mitihani kumpa Audrey Mbugua, mwanamke transgenda, cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret akaitaka serikali ianzishe mchakato wa sheria ya kulinda haki za watu transgenda. Ambatanisha hukumu hizi. Karani akiziona mezani hawezi tena kujifanya jambo hili halijawahi kufika mahakamani.

Kabla ya kuandika chochote, jua alisemea wapi. Ndani ya ukumbi wa Bunge au kwenye kamati, Kifungu cha 117 na Sheria ya Mamlaka na Kinga za Bunge ya 2017 vinamkinga; ukimshtaki kwa hilo unapoteza hela na muda. Hapo chukua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya maneno ya Bunge, ya siku hiyo na upeleke ombi rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 119. Sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi hayo ina masharti yanayowaangusha watu wengi. Ombi liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lisiwe na maneno yaliyofutwa au kuchomekwa juu ya mstari, mada yake ionekane kila ukurasa, lieleze ulikokwisha kulalamika na jibu ulilopata, liseme kama suala liko mahakamani, limalizie kwa kile hasa unachoomba, na liwe na jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Lugha yake iwe ya heshima. Ukimwita mheshimiwa mpumbavu kwenye ombi umewapa sababu ya kulirudisha, na wataitumia.

Akisema nje ya Bunge, iwe matangani, kanisani, redioni au kwenye ukurasa wake wa Facebook, kinga hiyo haimfuati. Hapo kila kitu kinategemea ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi zinapokufa.

Video iliyopita kwenye makundi kumi ya WhatsApp imebanwa, imekatwa, na tarehe yake ya asili imepotea. Mtafute aliyeirekodi, upate faili kutoka kwenye simu yake kabla hajaifuta. Simu hiyo isiuzwe wala kufomatiwa. Kama ilitoka mtandaoni, pakua video nzima, andika anwani kamili ya ukurasa, tarehe na saa uliyoipakua. Picha ya skrini peke yake haitoshi, na mheshimiwa hufuta posti siku akionywa na wakili wake. Usiikate. Dakika tatu za kabla na tatu za baada ndizo zinazoonyesha kama alikuwa anasimulia maneno ya mtu mwingine au anayatoa kama agizo. Sehemu ya 106B ya Sheria ya Ushahidi inataka cheti cha rekodi ya kielektroniki: kitaje ni rekodi gani, ilipatikanaje, kwa kifaa gani, na kitiwe sahihi na anayehusika na kifaa hicho. Bila cheti, wakili wa upande wa pili ataomba video itupwe, na ana nafasi nzuri ya kushinda.

Kisha andika maneno yote neno kwa neno katika lugha aliyoitumia. Uchochezi mwingi unasemwa kwa lugha ya mama kwa makusudi, ili akiulizwa Nairobi adai alitafsiriwa vibaya. Weka maneno ya asili upande mmoja, tafsiri upande wa pili, na mfasiri aape hati ya kiapo kwamba anazijua lugha zote mbili.

Sasa ofisi. Akiwa amehimiza watu wapigwe au wauawe, hiyo ni jinai chini ya sehemu ya 96 ya Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 5. Ripoti kituo cha polisi na usiondoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Wakikataa kuandika, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, na nakala ya ushahidi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Kifungu cha 157 kinampa uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze.

Akiwa amedhalilisha bila kuhimiza ghasia, Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ndiyo yako. Sehemu ya 11 inamtaka afisa wa serikali aheshimu wananchi na asibague. Sehemu ya 34 inakataza uonevu wa kurudiarudia unaodunisha mtu. Lalamiko linaanzia sehemu ya 42, kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, au taasisi inayomsimamia afisa huyo. Kwa kuwa 34 inadai marudio, kauli moja haitoshi: panga kauli zake zote kwa tarehe. EACC imezoea mafaili ya pesa na watakwambia wao ni wa ufisadi. Wakumbushe kwamba maadili yamo kwenye jina lao.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu inapokea malalamiko bure, kwa maandishi au kwa mdomo, lakini sheria yake inaizuia kuchunguza makosa ya jinai na mambo yaliyo mahakamani. Ndiyo maana barua moja ndefu yenye kila kitu, ikinakiliwa ofisi sita, inakataliwa na ofisi zote sita. Andika barua tofauti kwa kila ofisi, na kila barua itaje sehemu ya sheria ambayo ofisi hiyo inaisimamia. Mwanasiasa akianika picha ya mtu, kitambulisho chake au taarifa za hospitali, nenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye ana siku 90 za kumaliza uchunguzi. Redio iliyorusha matamshi inashtakiwa kivyake kwenye Baraza la Vyombo vya Habari.

Mahakama Kuu, chini ya Kifungu cha 22, haitozi ada ya kufungua kesi ya haki za kimsingi. Jina la mlalamishi linaweza kufichwa kwa herufi, kama ilivyofanyika kwa EG. Kinachoua kesi hizi ni ujumla. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru, 1979, mahakama inadai useme kifungu gani kimevunjwa, na kimevunjwa vipi.

Ukikaliwa kimya, usirudi kupiga kelele. Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, uliza kwa maandishi faili lako limefika wapi na liko mikononi mwa nani. Wana siku 21. Wasipojibu, una siku 30 kupeleka kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman.

Na wabunge tunawadai jambo moja la wazi: sehemu ya 13 ya sheria ya 2008 irekebishwe ifuate 33(2) na 27(4) za Katiba, ili chuki dhidi ya mtu kwa jinsia yake au mavazi yake iwe kosa kama ilivyo chuki dhidi ya kabila lake. Miaka yote tangu 2010 wameiacha ilivyo, na wengi wanaonufaika na pengo hilo wameketi humohumo Bungeni.

Mliokwisha kuandika, wekeni hapa ofisi, tarehe ya muhuri na jibu mlilopewa. Futeni majina ya walioumizwa, msiweke nyuso zao, na msiweke video yenye sura ya mtu yeyote asiye mwanasiasa mwenyewe.