Eli Manning anastahili kuingia Canton, Ukumbi wa Heshima wa mpira wa Marekani, au tunambeba tu kwa sababu ya pete mbili za ubingwa?

PasiNdefu:
Wakuu hebu tuliweke hili mezani tulimalize. Eli Manning, yule kwotabeki (mrusha pasi) wa Giants, alivyoingia kwenye wagombea 15 wa mwisho wa Ukumbi wa Heshima 2025 nikajua kashapita maana jina lenyewe Manning, brazake Peyton aliingia 2021 mwaka wake wa kwanza tu kura zinapigwa, lakini yeye hata saba bora hakugusa. Sasa mimi sielewi hawa wapiga kura wanataka nini. Jamaa ana Super Bowl (fainali ya ligi) mbili na zote MVP, yani mchezaji bora wa mechi, zote kamfunga Brady wa Patriots na kocha wake Belichick, ana pasi za tachidauni (za kufunga) 366, kaanza mechi 210 mfululizo bila kukosa hata moja. Upande wa pili nakubali kashinda mechi 117 kapoteza 117 msimu wa kawaida, hiyo inauma kuisoma. Nyie mngepiga kura mngempa au mngemnyima? Na sababu tafadhali, sio "hapana" tu halafu mtu anapotea.

BlitziMbaya:
Namnyima, na nalala usingizi mzuri tu. Mkuu swali langu kwa mchezaji yeyote ni moja, kuna mwaka hata mmoja mtu alisema huyu ndo kwotabeki bora wa ligi? Eli miaka 16 hajawahi kuwa All-Pro (kikosi cha wachezaji bora wa mwaka) hata wa kikosi cha pili. Ila kuongoza ligi nzima kwa kunaswa pasi na adui kaongoza mara tatu, 2007, 2010 na 2013. Yani 2007 huo huo mnaousifia ndo mwaka ambao alikuwa anagawa mipira kama pipi msimu mzima afu akapata moto Januari kwenye mtoano.

Na ile Super Bowl ya kwanza tusidanganyane, Patriots walikuja 18-0 wakiwa na rekodi ya pointi 589 msimu huo, wakatoka na 14. Nani aliwazuia, Eli? Brady kaangushwa mara tano siku ile. Justin Tuck wa ulinzi wa Giants ndo alitakiwa abebe ile tuzo, mimi hilo nitakufa nalo.

dadaWaYadi:
BlitziMbaya unaongea kama hukuitazama robo ya mwisho. Safu ya ulinzi ilifanya kazi yake sawa, lakini Patriots walishaongoza 14-10 zikiwa zimebaki dakika mbili na ushee na mpira akapewa nani? Eli. Pale kwenye pasi kwa David Tyree walishamshika jezi kabisa, akachomoka, akarusha, jamaa akaubana mpira kwenye kofia, afu play chache mbele Plaxico Burress akafunga peke yake kwenye kona zikiwa zimebaki sekunde 35. Hiyo ulinzi haikurusha. Na 2012 akarudia tena, ile pasi kwa Manningham pembeni ya mstari hata leo ukiirudia unajiuliza ilipitaje.

Kipimo changu ni kimoja, je naweza kusimulia historia ya hii ligi bila kumtaja? Brady naweza kumsimulia bila kumtaja Eli? Siwezi. Basi. Hata kwotabeki wa zamani Joe Namath yupo ndani tangu 1985 na ana tachidauni 173 kwa pasi 220 zilizonaswa, mbona yeye hamumtoi? Aliingia kwa sababu ya ule ushindi wa Super Bowl dhidi ya Colts, na kila mtu anajua.

BlitziMbaya:
Namath alikuwa wa kwanza kufikisha yadi 4,000 kwa msimu, tena 1967 wakicheza mechi 14, usimfananishe. Enzi zile kunaswa pasi ilikuwa jambo la kawaida, mabeki walikuwa wanawabomoa marisiva (wadaka pasi) hakuna anayepuliza filimbi. Na kama ni historia basi tuanze na kwotabeki Jim Plunkett. Super Bowl mbili na Raiders, moja MVP, rekodi yake 72-72. Nusu kwa nusu kama Eli kabisaaa. Yupo Canton? Hayupo, na kastaafu kitambo. Mkimwingiza Eli kesho mtamwambia nini Plunkett?

dadaWaYadi:
Nitamwambia karibu ndani 😂 Plunkett ana tachidauni 164 na kunaswa 198, Eli kamzidi zaidi ya mara mbili hapo kwenye tachidauni. Ila kwa Plunkett umenibana kidogo, sikatai.

mzeewaVitengo:
Mnagombana na Eli bure, tatizo ni hesabu. Walibadilisha utaratibu kuanzia 2025. Zamani mkifika watano wa mwisho kila mmoja anapigiwa ndiyo au hapana, ukipata asilimia 80 umeingia, na mara nyingi wote watano walipita. Sasa hivi wanabaki saba na kila mpiga kura anachagua watano kati yao, lakini asilimia 80 bado ipo palepale. Chukua wapiga kura 50, kura zote ni 250. Zikigawanyika sawa kwa watu saba kila mmoja anapata 35 na kitu, wakati anahitaji 40. Hakuna anayefika! Ndo maana wakaweka kwamba lazima waingie angalau watatu. Mwaka huo wakaingia wanne tu jumla, Jared Allen, Eric Allen, Antonio Gates na Sterling Sharpe aliyepitia mlango wa wakongwe, yani waliostaafu zamani.

Kwenye foleni ya hivyo mtu mwenye utata kama Eli anaumia wa kwanza, watu wanampa kura yule asiyebishaniwa. Na kwa Sharpe nilifurahi kidogo, alicheza misimu saba tu shingo ikamstaafisha, lakini 1992 aliongoza ligi kwa mipira aliyodaka, yadi na tachidauni kwa pamoja. Wamemchelewesha miaka chungu nzima eti kacheza muda mfupi, wakati mkimbiaji Gale Sayers kacheza mechi 68 na kaingia ana miaka 34.

PasiNdefu:
Mzee hiyo hesabu sikuijua, inaeleza mengi. Ila sasa mbona kama wewe na Blitzi mnasema kitu kimoja, kilele kwanza? Sharpe alikuwa bora wa ligi, Eli hakuwahi.

mzeewaVitengo:
Kwa msimu wa kawaida ndiyo. Ila kilele cha Eli kilikuwa Januari na Februari, sa hapo we unapima vipi? Mimi ningempa, ila sio kabla ya kwotabeki Ken Anderson wa Bengals. MVP wa ligi nzima 1981, kaongoza ligi kwa ubora wa pasi mara nne, na bado anapigwa danadana kwa sababu hana pete. Na mlinzi L.C. Greenwood, pete nne za Steelers, kafariki 2013 akiwa nje.

kimyaKimya:
na Frank Gore je?? yadi 16,000 wa tatu kwa wakimbiaji wote waliowahi kucheza, juu yake Emmitt Smith na Payton tu

BlitziMbaya:
Gore naye hana All-Pro ya kikosi cha kwanza lakini huyu nampa. Msiniulize kwa nini.

dadaWaYadi:
TUNAKUULIZA 😂😂 umetuchosha na kipimo chako mchana kutwa afu Gore anapita bure?

BlitziMbaya:
Gore hakuwahi kugawa mpira kwa adui mara 244.