Mnaocheza gofu ughaibuni, mwalimu mlimpataje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za wikiendi. Kila siku tunaongelea viza na nauli tu, leo naomba gofu kidogo. Mimi nilianzia Lugalo pale Dar, nilifundishwa na kedi, yule mbeba fimbo wa uwanjani, yeye anakwambia "bro tuliza kichwa, usiangalie mpira unaenda wapi, mimi nitauona", basi somo limeisha. Nikaja Ujerumani na begi langu la fimbo nikijua naenda uwanjani, nalipa, nacheza. Dada wa mapokezi ananiuliza Platzreife yako iko wapi. Ndo nini hiyo? Kumbe huku viwanja vingi hukanyagi bila hicho cheti, unafanya mtihani wa sheria na adabu za uwanjani halafu wanakupeleka kwenye mashimo wanakuangalia unavyocheza, yaani kama leseni ya gari vile.

Mwalimu wa kwanza nilimpata hapohapo klabuni, nikalipia masomo kumi kwa mpigo ili nipate punguzo, na hapo ndo nilipoharibu. Jamaa anaongea Kijerumani mbio mbio na changu mimi ni cha stoo ya mizigo, anasema Hüfte! Hüfte! mi nadhani anamwita mtu kumbe anasema nyonga. Akabadilisha navyoshika fimbo, akabadilisha msimamo, wiki tatu nzima kila nikipiga mpira unakata kulia unaingia mitini. Masomo sita sikwenda na hela haikurudi. Wa pili nikamwambia kabisa nalipa somo moja, tukielewana narudi. Huyo dakika kumi za mwanzo hajanigusa, ananitazama tu, akanirekodi na simu, akanionyesha navyonyanyua kichwa kabla sijaugusa mpira. Kitu kilekile cha kedi wa Lugalo! Nilicheka peke yangu.

Haya nyie?

Mkikuyu_wa_Dubai: Huku hakuna mambo ya cheti sana, shida ni bei na jua. Julai ukienda saa tisa mchana utatolewa na ambulensi, so watu wanajifunza usiku, pale klabu ya Emirates kuna uwanja uko na taa kabisa. Saa moja na mwalimu nilikuwa nalipa pesa ya shopping ya wiki mbili. Nikapata kijana wetu alikuwa kedi Nairobi, anajua huo mchezo balaa, tukaanza kufanya naye mazoezi, siku ya tatu msimamizi akatufuata akasema hapa anafundisha mwalimu wa klabu peke yake. Sasa huwa namtumia video anikosoe kwa simu, ananikosoa vibaya sana.

babu_maskati: Nyinyi mnalalamikia bei. Sisi tulipoanza hapa Maskati tukicheza kwenye mchanga mtupu, unatembea na kipande chako cha nyasi bandia, unaweka mpira juu yake unapiga, unakiokota unakwenda nacho. Mwalimu wangu alikuwa Mwingereza wa kazini, hakutaka pesa, alitaka mtu wa kucheza naye tu maana Ijumaa kila mtu yuko kwake. Siku hizi majani kila mahali wallahi sikuamini.

MamaMinnesota: Shikamoo babu. Mimi niko Minneapolis, nilianza na miaka 41 nikiwa sijawahi kushika fimbo. Niliogopa klabu za wenye nazo nikaenda kwenye viwanja vya jiji, huku idara ya bustani za mji ina vyake na ukitaka unajifunza kwa kundi, mnagawana mwalimu bei inakuwa ya kibinadamu. Tulikuwa wanawake sita na mwalimu mwanamke, hakuna mtu wa kukucheka ukipiga hewa, na nilipiga hewa nyingi jamani. Uwanja mmoja unaitwa Hiawatha, jengo lake lina jina la Solomon Hughes, gofa wa kulipwa mweusi ambaye enzi zake weusi waliruhusiwa kucheza pale lakini siyo kuingia ndani ya jengo. Mimi nimekaa humohumo nakunywa chai. Shida ni theluji tu, Novemba mpaka Aprili tunapiga ndani, unapiga kwenye pazia lenye picha ya uwanja.

Mleta uzi: Babu marahaba nakupokea mie, shikamoo! Mama, hilo kundi la wanawake ndo nalitafuta, shemeji yenu kasema mimi nikimfundisha tutaachana. Kuna mtu yuko Hamburg au karibu anajua mwalimu wa kike anayeongea hata Kiingereza? Anicheki inbox.