Je, niuze kihamba ili kijana alipiwe ada?

Fundi wa Majengo, Moshi

Wanajamvi, habari zenu, na wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Majengo, nalea watoto watatu peke yangu tangu 2014, na kijana wangu wa kwanza amepata nafasi ya kusoma shahada Dar es Salaam. Ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo imempangia fedha za chakula na malazi, lakini kwenye ada imempa 400,000 tu. Baba yake yu hai na ameajiriwa, ila kwa miaka yote hiyo hajaleta hata daftari. Nahisi ndipo tulipokwama, kwa kuwa kwenye maombi tulijaza jina na kazi yake kama tulivyoulizwa.

Nina kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Kibosho, nilichopewa na marehemu baba mbele ya kaka zangu, jambo ambalo kwetu mtoto wa kike halipati kirahisi. Jirani yuko tayari kutoa milioni mbili leo hii. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki mbili. Je, niuze? Naogopa pia deni litakalomfuata mtoto.

Mjomba wa Njiro

Dada, usiuze. Anayekuja na fedha taslimu mwezi wa kumi anajua vyuo vinafunguliwa lini. Tena shahada ni miaka mitatu au zaidi, na kihamba utakiuza mara moja tu. Mwaka wa pili utauza nini?

Karani Mstaafu, Arusha

Pole, mama. Bodi ikishatoa majina kwa awamu, hufungua dirisha la rufaa kwa muda mfupi, na mwombaji ni kijana mwenyewe kupitia akaunti ile ile aliyoombea mkopo. Rufaa husimama kwa vielelezo. Kwa hiyo nenda kesho kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua kwamba unalea peke yako, na kama uliwahi kupeleka shauri la matunzo Ustawi wa Jamii, omba nakala ya kumbukumbu zake. Kagueni majina herufi kwa herufi: binti yangu alikwama wiki tatu kwa sababu cheti cha kuzaliwa kiliandikwa "Elizabeth" na cha kidato cha nne "Elisabeth".

Kuhusu deni, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi pindi atakapoajiriwa, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021. Deni la namna hiyo linabebeka kuliko kukosa shamba.

Mama Ntilie wa Mbuyuni

Mimi niliuza ng'ombe wawili na sijuti, kwa hiyo sitakuambia kuuza ni dhambi. Ila ng'ombe huzaa tena. Nikukumbushe la bumu, yaani zile fedha za chakula na malazi: hata likihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, haliji kila siku, huja kwa mkupuo, na mwanafunzi hulipata baada ya kusajiliwa chuoni na kusaini. Mpe nauli na chakula cha wiki nne za mwanzo. Wa kwangu alipolipokea la kwanza alinunua simu, kisha akanipigia kwa simu hiyo hiyo kuniambia hajala.

Mjomba wa Njiro

Nimesahau jambo. Wewe unashona sare, sivyo? Fedha yako huingia Desemba na Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa. Kijana aandike barua kwa mhasibu wa chuo, aombe kulipa kidogo sasa na kiasi kikubwa mwishoni mwa Januari. Vyuo vingi hupokea ada kwa awamu, na barua inayotaja tarehe na kiasi husikilizwa kuliko machozi ya dirishani.

Fundi wa Majengo, Moshi

Asanteni sana. Barua ya mtendaji nimeipata leo, na kijana ameshaandika ya chuo. Kikundi chetu cha VICOBA kimekubali kunikopesha 400,000 kwa awamu ya kwanza, nami nimeanza kukata sketi za bluu kabla ya msimu. Jirani nilimjibu mchana kwamba siuzi. Jioni alirudi na bei ya 2,800,000.