"Plough" siyo "plafu"? Binti kachekwa darasani, naomba msaada wa hizi -ough

mama_wa_kihonda

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Kihonda, Morogoro. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo naomba mnieleweshe taratibu.

Binti yangu kaanza kidato cha kwanza. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, sasa masomo karibu yote ni Kiingereza. Juzi akasimamishwa asome aya. Akafika kwenye "plough", akasoma "plafu", kwa sababu wiki iliyopita walifundishwa kwamba "tough" ni "taf". Darasa zima likaangua kicheko na mwalimu hakuwanyamazisha. Tangu siku hiyo hataki kusoma kwa sauti, hata tukiwa wawili tu nyumbani. Usiku nikafungua daftari lake. Kapanga maneno saba kwa penseli, moja chini ya jingine: tough, plough, though, through, cough, bought, dough. Pembeni kaandika "mbona?" na kukandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka.

Mimi sioni alipokosea, kafuata alichofundishwa. Je, herufi hizi nne zina kanuni? Na maneno yenyewe yana maana gani?

mwalimu_mstaafu_tanga

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha Kiingereza miaka 31. Mwambie mjukuu wangu kwamba aliyesoma "plafu" alikuwa anafikiri. Waliocheka walikuwa wamekariri tu.

Tuanze na neno lililomwangusha. Plough ni plau, ileile plau inayokokotwa na ng'ombe. Waliotutangulia walilisikia kwa Mwingereza wakaliandika kama masikio yalivyolipokea. Rough, yaani kisicho laini, chenye kukwaruza, nalo limeingia kwetu kwa njia hiyohiyo: beki akimkwatua mshambuliaji tunasema kacheza rafu. Basi matamshi mawili ya -ough anayo tayari, na kayapata kwenye Kiswahili. Agawe ukurasa mara mbili, juu ya safu moja aandike PLAU, juu ya nyingine RAFU.

Kwenye plau aweke bough, tagaa la mti, na drought, ukame. Kwenye rafu aweke tough, yaani ngumu au mtu mkakamavu, na enough, ya kutosha, inayosomwa "inaf". Jirani na rafu wanakaa cough, kukohoa, na trough, hori la kulishia mifugo. Hayo mawili huishia na "of".

Though, ingawa, na dough, unga uliokandwa kama ule wa chapati kabla hujausukuma, huishia na "ou". Through, kupitia au kupenya, ni "thruu". Hapa Kiswahili kinamsaidia tena. Though aiandike pembeni "dhou", kwa dh ya dhahabu, na through kwa th ya thelathini. Sisi sauti hizo mbili tunazitenganisha kwa maandishi, wao wanaziandika kwa th moja.

Kundi la kuaminika kuliko yote ni -ought. Bought, alinunua, brought, alileta, thought, aliwaza, fought, alipigana, sought, alitafuta. Yote ni "oot". Katika maneno ya kila siku, drought peke yake ndiyo inayotoka kundini.

Sasa lile "mbona?" lake, ambalo kwangu ndilo swali kubwa. Hiyo gh zamani ilikuwa na sauti yake. Ilitoka kooni, kama kh ya Khadija inapotamkwa na mtu aliyesoma chuoni kwa Kurani. Night ilikaribia kuwa "nikht". Darasani nilikuwa nawaambia watoto waweke kiganja mbele ya mdomo waseme "Khadija", wasikie pumzi ya moto inavyokwaruza, halafu waseme "night" kwa koo lilelile. Wakishaipata, hakuna aliyeniuliza tena gh inafanya nini pale.

Sauti ile ikachakaa kwa Waingereza. Kwenye maneno mengine ikafa kabisa, kwenye mengine ikahamia mdomoni ikawa f. Lakini William Caxton alikuwa ameshafungua kiwanda chake cha kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, kabla sauti haijazimika, na wachapaji waliofuata wakaendelea na tahajia ya kale. Kwetu mambo hayohayo yalitokea, ila kalamu ikafuata ulimi. Vitabu vya zamani viliandika khabari, khatari, khofu. Leo tunaandika habari, hatari, hofu.

niko_bremen

Mwalimu shikamoo. Natunza wazee huku Ujerumani, na hiyo sauti huku iko hai kabisa. Usiku ni Nacht, binti ni Tochter, kucheka ni lachen, zote kwa kh ya kooni. Ukiziweka kando ya night, daughter na laugh unaona ni mtu na nduguye. Mimi nimelelewa Mombasa, kwa hiyo ch hiyo haikunisumbua hata siku moja, wakati wenzangu darasani walihangaika nayo wiki nzima.

dereva_minnesota

Dada pole. Huku Marekani wanaandika plow, kipindi cha baridi naliona kila asubuhi kwenye magari ya kusukuma theluji. Migahawa ya kuagiza chakula ukiwa ndani ya gari imeandikwa "drive-thru". Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza machapisho ya serikali yatumie tahajia fupi kwa maneno 300, tho na thru zikiwemo. Bunge likampinga, akarudi nyuma. Ila huyo mtoto kwenye mtihani aandike plough na through kamili, Tanzania mnafuata tahajia ya Uingereza.

mama_wa_kihonda

Mwalimu shikamoo tena, Mungu akuzidishie. Jana nilizima cherehani tukakaa mkekani, kila mmoja na kiganja mdomoni, "Khadija, nikht, Khadija, nikht". Kachora safu zake kwa rula. Baadaye kalichukua kitabu mwenyewe, sikumwambia. Kafika kwenye plough, katulia kidogo, kasema "plau", kaendelea mpaka mwisho wa aya. Nimelia.

Sasa kaleta jingine kalitoa kwenye kamusi: hiccough. Alitie safu gani?

mwalimu_mstaafu_tanga

Marahaba. Hilo asilitie safu yoyote. Hiccough ni kwikwi, na linasomwa "hikap". Watu walidhani limetokana na cough, wakalivika herufi zisizo zake. Aandike hiccup, ndiyo tahajia ya kawaida.

Akitaka la kumtoa jasho, mpe slough. Likisomwa "slau" ni tope la kinamasi. Likisomwa "slaf" ni nyoka kujivua gamba. Hilo aliandike mara mbili, moja kila safu.